Dulcie wa Popo na Daftari la Matusi

Mtu yeyote aliyesoma shule ya msingi ya mji wetu mdogo wa pwani, Mullabong, aliwahi kufokewa na Dulcie Prowse, na wengi wetu tunajivunia. Kwa miaka ishirini na saba alisimama kwenye kivuko cha mbele ya shule, kibao chake cha duara cha kusimamisha magari mkononi, akituvusha barabara asubuhi na alasiri, iwe mvua iwe jua. Sauti yake haikuwa ya kawaida. Malori ya magogo yaliyoshuka mlimani yalifunga breki kabla madereva hawajakiona kibao, na mtoto aliyetaka kukimbilia mpira alijikuta amesimama mguu mmoja uko hewani, hajui hata nani kamsimamisha. Marehemu mumewe, Alwyn, alipenda kusema kwamba nyumbani kwao simu ilikuwa pambo tu.

Sasa mwanamke huyo huyo, alipostaafu, akaenda kuchukua kazi ya kujitolea ambayo sharti lake la kwanza ni kunyamaza. Mji mzima ulicheka. Mwokaji wetu wa mikate aliahidi kumpa keki ya bure siku atakapomaliza saa nzima bila kusema neno, na hakuonekana kuwa na wasiwasi wowote juu ya keki yake.

Ilianza na popo. Kila kiangazi popo wakubwa, wale wala matunda, hujazana kwenye miti ya kando ya kijito katikati ya mji. Mchana kutwa wananing'inia, wanagombana na kunuka, na jua likizama wanaruka wote kwa pamoja kwenda kula. Nusu ya mji inawapenda, nusu inataka wafukuzwe kwa moshi na makelele, na wa katikati hayupo. Dulcie aliwapenda. Mwaka aliofariki Alwyn, wao ndio waliomtoa nje kila jioni, maana saa ile ya chakula hakuweza kukaa ndani akitazamana na kiti kitupu. Hilo hakumwambia mtu. Alichosema ni kwamba popo nao wana haki zao, kisha akasimika uani kwake kibao kikubwa: POPO WABAKI.

Halmashauri ya mji ikamwandikia kwamba kibao kimezidi kipimo, akiondoe ndani ya siku saba. Ukitaka kumchokoza mtu aliyeshika kibao miaka ishirini na saba, mwambie ashushe kibao. Dulcie alipanda ngazi mpaka ofisi iliyo juu ya duka la samaki, kwa Thuy Lam, wakili kijana ambaye pia alikuwa katibu wa tawi letu la Chama cha Uhuru wa Raia.

Usidhani ni chama kikubwa. Kilikuwa na wanachama kumi na mmoja, kilikutana kila Jumanne katika chumba cha nyuma cha klabu ya wazee wanaoviringisha matufe kwenye nyasi, na mali yake yote ilikuwa mashine moja ya kunakili iliyopenda kutafuna karatasi. Lakini Thuy alijua kuandika barua. Aliandika kurasa mbili za adabu kuhusu haki ya mtu kusema analofikiri ndani ya ua wake, na halmashauri ikajirudi kimya kimya. Jumanne iliyofuata Dulcie akaja klabuni na sinia la keki za chokoleti na nazi kutoa shukrani. Akamkuta Thuy anaandika barua nyingine.

"Hiyo ya nani tena?"

"Ya Keith Dallimore. Naye ameambiwa aondoe kibao chake."

Dulcie alitua sinia mezani kabla halijamponyoka. Keith Dallimore alikuwa dereva wa basi la shule na jirani yake wa ng'ambo ya barabara. Kibao cha Keith kilisema POPO WAONDOKE, na alikuwa amekipima kibao cha Dulcie kwa kamba usiku ili chake kiwe kikubwa zaidi kwa kiganja kimoja. Kila asubuhi Keith alisugua mavi ya popo kwenye paa la basi lake, na kila asubuhi alilaani kwa sauti iliyolengwa moja kwa moja kwenye dirisha la Dulcie.

"Thuy, huyu mtu anataka popo wafukuzwe!"

"Najua."

"Na wewe unamsaidia?"

"Simsaidii kufukuza popo. Namsaidia aseme."

"Tofauti iko wapi?"

"Kaa kwanza, Dulcie. Kula keki yako. Ni barua ile ile niliyokuandikia wewe, nimebadilisha jina tu. Ingekuwa haifai kwake, ingefaaje kwako?"

Walibishana mpaka mzee wa klabu akaja kuzima taa. Dulcie hakukubali hata neno moja, lakini alirudi nyumbani amechangamka. Tangu Alwyn afariki hakuwa amepata mtu wa kubishana naye saa mbili bila kuomba radhi wala kuondoka. Jumanne iliyofuata alijiunga.

Kazi aliyopewa ilikuwa ya uangalizi. Palipokuwa na maandamano, au mgomo, au watu wawili wenye vipaza sauti na polisi katikati yao, chama kilipeleka waangalizi waliovaa vizibao vya rangi ya waridi. Mwangalizi haungi mkono upande wowote. Hashangilii, hagombani, hashiki bango, hamjibu hata anayemtukana. Anaandika tu: saa, mahali, nani kafanya nini, ili siku jambo likifika mahakamani pawepo na daftari moja ambalo halikuandikwa na mwenye kesi.

Thuy alimfundisha kwa wiki tatu, na wiki zenyewe zilikuwa za mateso kwa wote wawili.

"Umeandika hapa, 'Polisi mwenye kiburi akavuka barabara.' Kiburi ulikionaje?"

"Kilikuwa kwenye kidevu."

"Basi andika kidevu."

Dulcie akakata, akaandika upya: "Polisi akavuka barabara, kidevu juu."

"Umeona? Sasa hata mwenye kidevu hawezi kukukatalia," Thuy akasema. "Andika unachokiona na unachokisikia. Kila sauti, Dulcie. Usichague."

Ajabu ni kwamba aliiweza. Miaka ishirini na saba ya kutazama kulia na kushoto ilikuwa imempa macho ambayo hayakosi kitu. Na kunyamaza nako, ingawa kulimwasha koo, alikuweza kwa kunyonya peremende kali za mnanaa. Alikwenda kwenye mgomo wa wauguzi, akanyamaza. Alikwenda kwenye maandamano ya wavuvi, akatukanwa na pande zote mbili, akanyamaza. Mwokaji akatoa keki, tena mbele ya watu.

Ndipo ikaja Jumamosi ya kipaza sauti.

Keith alikuwa ameanza kuhutubia kila Jumamosi mbele ya posta, amesimama juu ya kreti la maziwa. Polisi walikuwa wamemwonya mara moja kwamba anasumbua wanunuzi, naye akawajibu kwamba wanunuzi wana miguu, wasogee. Thuy aliona mambo yanakoelekea, akapanga waangalizi wawili. Mmoja wao, Graham, aliamka na goti limevimba. Akabaki Dulcie peke yake, na kizibao chake, na penseli mbili, na mfuko wa peremende.

Pembeni ya posta wazimamoto wa kujitolea walikuwa wakichoma soseji na kuzifunga kwenye slesi za mkate na vitunguu, kama kila Jumamosi. Konstebo Brodie Hackett alikuwa amesimama pale na soseji yake mkononi. Kijana mzuri tu, mwaka wake wa pili kazini. Dulcie alimvusha barabara tangu darasa la kwanza.

Keith alipomwona Dulcie, uso wake ukang'aa.

"Popo elfu tano!" kipaza sauti kikanguruma. "Wananya juu ya magari yenu, wananya juu ya nguo zenu, na bado kuna mtu katika mji huu anawaombea dua! Mnamjua! Yule pale, kavaa waridi kama keki ya harusi!"

Watu wakacheka. Dulcie akaangalia saa yake, akaandika: "Saa nne na dakika kumi na nne. Bwana Dallimore asema mwangalizi anafanana na keki ya harusi."

"Andika, Dulcie, andika! Mama huyu kavusha watoto wa mji mzima, lakini yeye mwenyewe hajawahi kuvuka ujinga wake!"

"Saa nne na dakika kumi na sita. Asema mwangalizi hajavuka ujinga wake." Kwa siri Dulcie aliona hilo limetungwa vizuri. Akatia peremende ya pili mdomoni.

Keith akazidi kunoga. Akasema kwamba Dulcie ananing'inia kichwa chini akilala, na hilo nalo likaandikwa. Kisha akasema, "Na niwaambie, Alwyn angekuwa hai, miti ile angeikata kwa mkono wake mwenyewe!"

Peremende ikamtoka Dulcie mdomoni, na nyuma yake ikafuata ile sauti.

"USIMTAJE ALWYN WEWE! FUMBA MDOMO WAKO, MZEE WA MAVI YA POPO!"

Barabara nzima ilisimama. Gari la mkate lilifunga breki. Watu waliokuwa wakimwangalia Keith waligeuka wote wakamwangalia Dulcie, na enzi zile simu za mkononi zilikuwa za kupigia tu, kwa hiyo hakuna aliyepiga picha ya kitu chochote. Konstebo Hackett, ambaye mwili wake ulikuwa umefundishwa tangu utotoni kuitikia sauti ile, alitupa soseji, akaruka, akajikuta yuko mbele ya kreti la Keith bila kujua amefikaje.

"Ondoka hapa, Keith. Sasa hivi."

"Siondoki. Mimi nimefanya nini? Anayepiga kelele ni yule!"

Konstebo akashika kipaza sauti. Keith akakishika kwa mikono miwili. Wakavutana kidogo, konstebo akarudi nyuma, na ghafla akawa ameketi ndani ya kasha la barafu la wazimamoto, katikati ya chupa za soda, miguu juu. Watu walipogeuka wakamkuta hivyo. Kicheko kilicholipuka pale kilifika ufukweni.

Kijana akainuka amelowa, amewiva uso, akamkamata Keith Dallimore kwa kumsukuma askari aliye kazini.

Dulcie alikuwa bado anaandika. Aliandika yote kwa mpangilio, pamoja na la dakika ya kumi na tisa.

Keith akashtakiwa kwa mawili: kukaidi amri ya kuondoka, na kumshambulia askari. La kwanza lilikuwa dogo. La pili lilikuwa ndilo lenye meno, kwa sababu mtu mwenye hatia ya kushambulia haruhusiwi kuendesha basi la shule. Keith alikuwa na miaka sitini na tatu. Hakuwa na mke, hakuwa na watoto. Alikuwa na basi, na watoto arobaini na wanne aliowajua kwa majina, pamoja na majina ya mbwa wao. Ukimnyang'anya basi Keith, hakuna kinachobaki ila kibao uani. Na aliyeona kisigino cha konstebo kikigonga kasha la barafu alikuwa mtu mmoja tu, maana wengine wote walikuwa wakimtazama mtu huyo mmoja.

Thuy aliichukua kesi kwa niaba ya chama. Siku tatu kabla ya mahakama, Dulcie alikutana na Keith barabarani, kila mmoja akikokota pipa lake la taka.

"Thuy anasema utakuja kutoa ushahidi," Keith akasema bila kumtazama.

"Anasema kweli."

"Usijisumbue. Najua chuki yako ilivyo. Utaenda pale ufurahi."

"Keith, chuki yangu kwako haina uhusiano na nilichokiona."

"Hebu niambie uliona nini, basi."

"Siruhusiwi kukuambia. Lakini umetoa pipa la rangi nyingine, leo wanazoa la plastiki."

Alijikaza akaingia ndani, kisha akaketi kwenye ngazi za jikoni na kuona aibu. Asiyejua angesema adui yake yuko matatani na yeye ana raha. Hakuwa na raha. Angenyamaza dakika ile moja, kama alivyofundishwa, konstebo angemaliza soseji yake, Keith angemaliza matusi yake, na kila mtu angekwenda nyumbani. Mwenye kosa alikuwa yeye, na anayekwenda kuadhibiwa alikuwa mwingine.

Kesho yake Thuy alipitia daftari ofisini, huku harufu ya samaki ikipanda kutoka chini. Alisoma, akacheka, akasoma tena, akaacha kucheka.

"Dulcie, hii ya dakika ya kumi na tisa ni nini?"

"Kwani haisomeki?"

"Inasomeka sana. 'Mwangalizi, yaani mimi, ampigia kelele Bwana Dallimore: Usimtaje Alwyn wewe, fumba mdomo wako, mzee wa mavi ya popo.' Umejiandika mwenyewe?"

"Si uliniambia kila sauti? Uliniambia nisichague."

Thuy akavua miwani akasugua macho. "Sijawahi kuona mwangalizi anayejiandikia mashtaka."

"Unataka nilikate?"

"Ukilikata nakufukuza ofisini. Ila jua, utalisoma mbele ya watu. Na la Alwyn pia."

Dulcie akachukua daftari lake mezani. "Hilo la Alwyn ndilo linaloniuma," akasema. "La mavi nitalisoma bila shida."

Mahakama yetu ni chumba kimoja, na hakimu huja kutoka mji mkubwa mara mbili kwa mwezi. Siku ile hata mwokaji alifunga duka. Konstebo Hackett alitoa ushahidi kwanza: alihisi nguvu ikimrudisha nyuma, akaanguka, akaona ni dhahiri amesukumwa. Hakuwa anadanganya. Mtu akianguka kwenye barafu mbele ya mji mzima, ni rahisi kuamini kwamba kuna aliyemwangusha.

Kisha Dulcie akapanda. Thuy akamwambia asome mistari ya dakika ya ishirini, akaisoma kwa sauti iliyotulia: "Mikono yote miwili ya Bwana Dallimore iko kwenye kipaza sauti. Konstebo arudi nyuma hatua mbili bila kutazama. Kisigino cha kushoto chagonga kasha la barafu. Konstebo aketi ndani ya kasha. Bwana Dallimore hajamgusa."

Mwendesha mashtaka akasimama. Alikuwa mtu wa adabu, mgeni mjini, na hiyo ndiyo iliyomponza, maana mwenyeji asingeuliza alichouliza.

"Bi Prowse, wewe ni mwanachama wa chama hicho hicho kinachomtetea mshtakiwa?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo tunaweza kusema uko upande wa Bwana Dallimore."

Chumba kizima kilipumua kwa pamoja. Kuna mtu nyuma alisema "Yesu wangu."

"Mimi?" Dulcie akasema. "Mimi niko upande wa Keith?"

"Umekuja kumwokoa. Si ndivyo?"

"Mheshimiwa, naomba ruhusa nisome ukurasa wa nne."

Hakimu, mama mfupi mwenye miwani ya kamba, akainamisha kichwa kukubali. Dulcie akasoma keki ya harusi. Akasoma kuvuka ujinga. Alipofika kwenye kulala kichwa chini, mwandishi wa mahakama ilibidi aombe arudie, na si kwamba hakusikia. Keith alikuwa amejishika kichwa kizimbani, masikio mekundu.

"Haya yote kakuambia mshtakiwa, nawe ukayaandika?" hakimu akauliza.

"Alisema taratibu, mheshimiwa. Ana matamshi mazuri."

Mwendesha mashtaka akaona ardhi inamponyoka, akashika alichokuwa nacho. "Daftari hili, mheshimiwa, linaandika makosa ya polisi na ya mshtakiwa. Kosa la mwandishi mwenyewe halimo. Ni kweli au si kweli, Bi Prowse, kwamba wewe mwenyewe ulipiga kelele siku ile, kinyume na kanuni zenu?"

"Ni kweli. Ukurasa wa tano, juu."

Akausoma. Hakuharakisha. Akasoma jina la Alwyn, akaendelea mpaka kwenye mavi ya popo. Mara hii hakuna aliyecheka. Kisha akafunga daftari, akasema jambo ambalo halikuandikwa popote.

"Mheshimiwa, Brodie alikuwa anakula soseji yake. Kilichomkurupusha ni mimi. Amenizoea tangu akiwa na miaka mitano, nikipaza sauti anaruka. Kama kuna aliyeanzisha fujo siku ile, ni mimi, wala si Keith. Keith alikuwa anasema maneno tu. Mabaya, lakini maneno."

Hakimu aliandika kwa muda. Halafu akasema kwamba katika miaka kumi na sita ya kazi amesoma madaftari mengi, ya polisi na ya raia, na katika yote hayo mwandishi mwenyewe huwa malaika. Hili ndilo la kwanza ambalo mwandishi wake anajitia hatiani kwa saa na dakika, na hana sababu ya kutoliamini lilipozungumza juu ya kisigino. Kuhusu amri ya kuondoka, hakuona kwa nini mtu anayehutubia aondolewe kwa kelele za mwingine. Mashtaka yote mawili yakafutwa. Konstebo Hackett alikuwa wa kwanza kumpa Keith mkono, na kwa hilo tulimsifu.

Nje, kwenye ngazi, Keith alimngoja Dulcie. Alikuwa amevaa tai, na tai ilikuwa inamnyonga.

"Lile la Alwyn," akasema. "Sikupaswa."

"Hukupaswa."

"Mengine je?"

"Mengine ulikuwa na haki yako."

Keith akaitikia kwa kichwa, akaenda zake kuwahi basi lake la saa tisa.

Jumanne, Dulcie alifika klabuni na kizibao cha waridi kimefuliwa na kupigwa pasi. Chama kina kanuni: mwangalizi akifungua mdomo akiwa amekivaa, anakirudisha mpaka mkutano mkuu wa mwaka. Aliyeipendekeza kanuni hiyo alikuwa Dulcie mwenyewe, ili kumkomesha Graham, ambaye huwasimulia polisi habari za samaki aliowavua. Wanachama wote walitaka wamsamehe. Thuy hata akasema kanuni inaweza kusomwa kwa namna mbili.

"Mwanangu," Dulcie akamwambia, "ulimwandikia Keith barua ile ile uliyoniandikia mimi. Usianze leo kubadilisha barua." Akakiweka kizibao mezani. Ndani ya gari alilia kidogo, maana alikipenda mno, na hakuna rangi iliyomkaa vizuri zaidi.

Jumamosi, Keith alipanda tena juu ya kreti lake. Watu walikuwa wengi kuliko siku zote, na kila mmoja alikuja kumwona Dulcie akitukanwa na kuyaandika. Keith alisema la kwanza kuhusu popo, akasema la pili, lakini hakuwa anatia ladha. Macho yake yalikuwa yanatafuta waridi. Waridi ilikuwepo, ila ndani yake alikuwa Graham, anatafuna penseli.

Kisha Dulcie akatokea upande wa duka la mikate, amevaa sweta la kijivu, kikapu mkononi.

Keith akashusha kipaza sauti. "Dulcie! Kizibao kiko wapi?"

"Nimekirudisha."

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya mdomo wangu."

Keith akamwonyesha Graham kwa kidole gumba. "Huyu tangu saa tatu ameandika mstari mmoja tu, na ni kuhusu hali ya hewa. Mimi nilikaa wiki nzima nikitunga. Nani ataniandika?"

"Hayo mzungumze na Graham," Dulcie akasema. Akatua kikapu chini, akavuka barabara bila kutazama upande wowote, na magari ya pande zote mbili yakasimama. "Mimi leo sikuja kuandika, Keith. Nimekuja kukujibu."

Keith akatazama kreti lake. Kisha akasogea pembeni, mpaka ukingoni kabisa mwa kreti, ili pawe na nafasi ya miguu minne.